Jinsi ya kukagua nyumba ya safu ya Paddington, Sydney, kabla fundi hajaigusa

Anza ukiwa upande wa pili wa barabara. Nyumba moja ya safu ya enzi ya Malkia Victoria, ukiitazama peke yake, haina ajabu kubwa: nyembamba, ghorofa mbili, kibaraza chini, roshani juu, ukuta mmoja na jirani kila upande. Paddington, mtaa wa jiji la Sydney nchini Australia, ina maelfu ya namna hiyo, nyingi zikiwa zimejengwa kati ya miaka ya 1860 na mdororo wa uchumi wa miaka ya 1890. Thamani yake imo katika safu nzima: roshani zinazoteremka na mlima nyumba baada ya nyumba, kuta za pamoja zinazochomoza juu ya paa, mabomba ya moshi yaliyolingana. Piga picha ya safu yote, kisha andika nyumba yako imebaki na nini na imepoteza nini ukilinganisha na wenzake.

Jimbo la New South Wales, ambamo Sydney imo, hupima urithi kwa vigezo saba: historia, uhusiano na watu fulani, uzuri na ufundi, thamani kwa jamii, uwezo wa kufundisha watafiti, uadimu na uwakilishi. Usikimbilie kuandika "adimu". Kwa nyumba ya kawaida ya Paddington hoja yenye nguvu ni historia na uwakilishi, na mkaguzi wa halmashauri atakuheshimu zaidi ukisema hivyo.

Historia isomwe ukutani. Nyumba ndogo isiyo na nakshi, paa lake likionekana wazi kutoka barabarani, huenda ni ya mwanzo, wakati kambi ya jeshi ya Victoria Barracks ilipoanza kujengwa mwaka 1841 na mafundi waashi wakahamia karibu. Ukuta mfupi unaoficha paa, wenye mapambo ya lipu, ni dalili ya miaka ya 1880. Roshani iliyozibwa kwa mbao au shiti za simenti ni ya karne ya ishirini, nyumba zilipokatwakatwa kuwa vyumba vya kupanga. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia wapangaji wa jiji waliuona mtaa huu ni wa kubomolewa. Wakazi walianzisha chama cha Paddington Society mwaka 1964 kuutetea. Mabadiliko hayo nayo ni sehemu ya historia ya nyumba, kwa hiyo si kila kilichoongezwa baadaye ni takataka: jiulize kinaeleza nini kabla ya kukitoa. Shiti za zamani za simenti huenda zina asbesto (nyuzi za madini zinazodhuru mapafu), usizikate wala kuzitoboa. Mwite mtu mwenye leseni.

Nakshi za chuma za roshani zijaribu kwa sumaku. Ikinata, ni chuma cha kumimina. Isiponata, ni nakala ya alumini. Chuma hicho hakipindi, hupasuka, kwa hiyo usikinyooshe kwa nyundo. Kinachokiua ni kutu inayovimba kwenye maungio ya paneli na nguzo.

Panda uangalie mfereji uliojificha nyuma ya ukuta mfupi wa mbele. Majani yakiuziba, maji hurudi ndani na kushuka kwenye dari ya chumba cha mbele. Unyevu wa juu ukutani karibu kila mara ni paa au mfereji. Unaopanda kutoka ardhini kwa kawaida huishia chini ya mita moja na nusu, na huacha mstari wa chumvichumvi. Kagua pia matundu ya hewa chini ya sakafu ya mbao: mara nyingi yamefukiwa na sakafu mpya ya uani, na hapo uozo na mchwa hukaribishwa.

Sasa tofali, ambako uharibifu mwingi hufanywa na watu wenye nia njema. Nyumba hizi zilijengwa kwa chokaa. Fundi akiziba viungo kati ya tofali na tofali kwa simenti, maji hayana tena pa kutokea isipokuwa kwenye tofali lenyewe; yakikauka, chumvi huganda nyuma ya uso wake na kuubandua. Utaona simenti imesimama kama ukingo huku tofali limeliwa ndani. Wenye nyumba za Mji Mkongwe wa Zanzibar wanalijua tatizo hili bila kuelezwa.

Kutengeneza: kwangua kiungo kwa patasi nyembamba na nyundo ndogo, kina mara mbili ya upana wake, kiungo cha milimita 10 kikwanguliwe milimita 20 hivi. Grainda usiitumie, maana hukata kingo za tofali na kingo hazirudi. Safisha vumbi, lowesha ukuta usiku wa kuamkia kazi na tena kabla ya kujaza. Changanya chokaa sehemu 1 na mchanga mkali uliooshwa sehemu 3; mchanga wa pwani una chumvi. Shindilia hadi ndani kabisa, kisha funika kwa magunia mabichi siku kadhaa. Chokaa ikikaushwa na jua siku moja, hubaki unga.

Rangi ya zamani usiisugue kwa msasa mkavu: nyumba zilizopakwa kabla ya 1970 huenda zina rangi yenye risasi, na vumbi lake ni sumu, hasa kwa watoto.

Kuhusu vibali, kaskazini ya Oxford Street ni halmashauri ya Woollahra, kusini ni Jiji la Sydney, na pande zote mbili ni eneo la hifadhi. Kwa matengenezo madogo kuna njia fupi: iarifu halmashauri, nayo ikikubali kwa maandishi kwamba kazi ni ndogo au ni ya utunzaji na haitadhuru urithi, hutahitaji kibali kamili. Barua hiyo iwe mkononi kabla ya patasi kugusa ukuta. Ambatisha picha ya safu, picha za karibu za kasoro, na aina ya mchanganyiko utakaotumia.