Namna ya kumwingiza mtu ndani ya picha yako badala ya kumsimamisha mbele yake

Wapiga picha wengi wakiwaza onyesho ambalo mtu anaingia ndani wanakimbilia projekta kumi na programu za bei mbaya, ila we anzia kwingine, jiulize mtu akifika pale mwili wake utafanya nini. Atapita katikati? Atafunua kitu? Chagua kitendo kimoja tu, ukiweka vitatu watu watakuwa bize na maelekezo na picha hawaioni.

Mfano ni yule Mfaransa JR, msanii anayebandika picha kubwa mitaani, mwaka 2009 pale Kibera alibandika macho ya kina mama ubavuni mwa treni, nusu ya chini ya nyuso akaiweka kwenye mabati chini ya reli, basi treni ikipita sura inakamilika kwa sekunde hivi halafu imepotea. Hapo hakuna sensa, yaani kifaa cha kuhisi mtu, wala nini, ni treni tu.

Sasa njoo kwako. Chukua picha moja yenye kina, mfano gati la samaki asubuhi, uigawe tabaka tatu: watu wa mbele, boti za katikati, bahari na anga nyuma. Kila tabaka liprintiwe kwenye kitambaa chepesi cha pazia kile kinachopitisha mwanga, ning'iniza kwa kupishana kama mita moja na nusu ili hata mwenye kiti cha magurudumu apite. Kamera ya megapikseli 24 inakupa pikseli 6000 kwa upana, ukiprinti doti 100 kwa inchi unapata kama mita 1.5 na inatosha kabisa, ila jamaa wa mabango usimtumie picha kwa WhatsApp kama picha ya kawaida maana itabanwa, mpelekee kwenye flashi. Kwenye pindo la chini pitisha fimbo nyembamba ya chuma, la sivyo kitambaa kitajikunja mtu akipita.

Taa weka moja tu, nyuma kabisa, ikitazama mlangoni. Hii ndo siri yenyewe, maana aliyetangulia kivuli chake kinaangukia kwenye kitambaa na anayeingia anamwona kati ya wavuvi kama mmoja wao.

Ukitaka sauti, rekodi kelele za palepale gatini, ufunge Raspberry Pi (kompyuta ndogo sana ya bodi moja), spika ndogo na sensa ya mwendo ya HC-SR501. Ile sensa inahisi joto linalosogea, kwa hiyo usiielekeze dirishani kwenye jua, na mtu akituliza mwili inamsahau, sasa hapo ndo wengi wanakwama, sauti inakatika wakati mtu ndo kaanza kunogewa. Dawa yake: kwenye programu unayoiandikia hiyo Raspberry Pi andika sauti ikishaanza iende mpaka mwisho hata sensa ikinyamaza.

Halafu kabla hujafungua milango mwite mtu asiyejua chochote apite, we kaa kimya. Akisimama mlangoni anashangaa aende wapi, panua nafasi ya kwanza.