SOMO: Kuandika skripti kutoka riwaya inayosimuliwa na mbwa

Wakuu, salamu. Wapo walioniuliza kwa nini nasema hakuna riwaya inayomtoa jasho mwandishi wa skripti kama ile ambayo msimulizi wake ni mbwa. Leo tunaipasua moja: The Art of Racing in the Rain ya Garth Stein (2008), iliyotoka filamu mwaka 2019 chini ya mwongozaji Simon Curtis. Mbwa anaitwa Enzo, amepewa jina la Enzo Ferrari, na anaishi Seattle na Denny, dereva wa magari ya mashindano. Ambaye hajaitazama ajue kabisa, natoboa siri.

Hatua ya 1: Soma na kalamu mbili. Ya bluu kwa kila anachokiona au kukisikia mbwa, nyekundu kwa anachokiwaza. Bluu ni kazi ya kamera. Nyekundu ndiyo shughuli, maana Enzo ni mwanafalsafa: aliona kwenye runinga kipindi cha Mongolia kinachosema mbwa aliyekuwa tayari huzaliwa tena akiwa mtu, basi maisha yake yote anajiandaa.

Hatua ya 2: Punguza maneno. Sauti ya Enzo kwenye filamu ni ya Kevin Costner, nzito, ya mzee wa barazani. Tamu, ila kuna mahali anatuambia jambo ambalo tumeshaliona. Sisi tuliokulia mabanda umiza, vile vibanda vya kuonyeshea video, DJ akitafsiri juu ya picha mwanzo mwisho, tunaweza tusilione hilo kosa. Andika sini (tukio moja la filamu) nzima bila neno la mbwa. Ikieleweka, mwache anyamaze.

Hatua ya 3: Harufu. Hapa tulia. Eve, mke wa Denny, ana saratani ya ubongo, na Enzo anainusa kabla daktari yeyote hajaijua. Kitabuni harufu yenyewe ni kama ya mbao zilizolowa zikaoza, unasoma huku umekunja pua. Kamera haina pua. Ukiandika "Enzo ananusa ugonjwa", mwongozaji atakuuliza apige picha ya nini. Mimi ningeandika hivi: Eve ameketi sakafuni, kiganja kwenye paji la uso. Enzo anasogeza pua karibu na sikio lake. Anaganda. Anarudi nyuma hatua mbili. Eve anacheka: "Na wewe vipi leo?" Mtazamaji ameshashtuka, mwenye mwili bado. Hapo sentensi moja ya Enzo inatosha.

Hatua ya 4: Chagua cha kutupa. Riwayani Denny anasingiziwa kosa la kingono na binti mdogo, na kesi hiyo inakuwa silaha ya wakwe wanaomtaka mjukuu wao, Zoë. Filamu imeifuta. Badala yake, baba mkwe anaumia kwenye purukushani na Denny anashtakiwa kwa shambulio. Kwa filamu ya kutazama na watoto nawaelewa, ila ile hasira ya kitabu imepoa.

Hatua ya 5: Shusha kamera usawa wa goti. Basi.

MASWALI

Swali: Mkuu, kwa nini wasingemchezesha mdomo aongee?
Jibu: Akiongea watu wakamsikia, hadithi imekufa. Kitabuni tukio analosingiziwa Denny, Enzo alikuwepo. Ni shahidi asiye na ulimi wa kutamka, na uchungu wote umekaa hapo.

Swali: Nina riwaya ya mwandishi wetu mmoja. Ruhusa ni lazima?
Jibu: Lazima, tena kwa maandishi na kabla hujaanza. Tanzania hakimiliki inadumu uhai wote wa mwandishi na miaka 50 baada ya kifo chake, kwa hiyo akiwa marehemu tafuta warithi. Mimi niliwahi kuandika kwanza nikaomba baadaye. Nilikataliwa, kurasa 90 zikaishia kufungia maandazi.

Swali: Enzo anaishi ndani, anapanda hadi kwenye gari. Mbwa wa kwetu analala nje, tena nyumba nyingine haruhusiwi hata kugusa kizingiti. Atasimulia nini?
Jibu: Swali la leo ni hili. Huyo wako anajua nani karudi saa nane usiku na viatu mkononi. Anajua mgeni yupi habwekewi tena, na tangu lini. Ugomvi wa chumbani anausikia dirishani, nusu nusu, halafu asubuhi anaona begi linatoka getini. Anza na hilo begi.