Somo: Waifai ya laptopu inakatikakatika, tafuta kwanza panapokatika

Laptopu ikianza kupoteza mtandao, wengi hukimbilia kuzima rauta na kuiwasha, kisha wanafuta mipangilio yote, mwisho wanaenda kwa fundi kupiga Windows upya. Tatizo linabaki palepale kwa sababu halikuwa kwenye Windows. Njia ya data ina vipande vitatu: laptopu mpaka rauta (hiyo ndiyo waifai yenyewe), rauta mpaka mtoa huduma, halafu kugeuza jina la tovuti kuwa anwani ya namba, kazi ya DNS. Vijiti vya alama ya waifai pale karibu na saa vinapima kipande cha kwanza tu. Ndiyo maana vijiti vinaweza kujaa na intaneti ikawa haipo.

Maelekezo haya ni ya Windows 10 na 11. Wa Linux, jibu lenu liko kwenye maswali.

Hatua ya 1: Pima vipande viwili kwa pamoja

Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika cmd, kisha Enter. Andika ipconfig. Chini ya "Wireless LAN adapter Wi-Fi" soma mstari wa "Default Gateway". Hiyo ndiyo anwani ya rauta yako. Nyingi ni 192.168.1.1 au 192.168.0.1. Rauta za Huawei za laini ya 4G huwa 192.168.8.1. Ukitumia hotspot ya iPhone utakuta 172.20.10.1.

Sasa fungua madirisha mawili ya cmd, uyaweke kando kwa kando. Amri ya ping hutuma ujumbe mdogo na kungoja jibu. La kwanza (weka anwani ya rauta yako):

ping -t 192.168.1.1

La pili (8.8.8.8 ni seva ya Google huko intaneti):

ping -t 8.8.8.8

Yaache yaendelee huku unafanya kazi zako. Mtandao ukikatika usiguse kitu, tazama tu.

Yote mawili yakiandika "Request timed out" au "General failure", kasoro iko kwenye waifai: nenda hatua ya 2. La rauta likijibu vizuri (milisekunde 1 hadi 10) na la 8.8.8.8 limekufa, laptopu yako haina kosa. Tatizo ni rauta na mtoa huduma wake, bando limekwisha, au mnara umezidiwa. Usilipie fundi wa laptopu kwa hilo. Yote mawili yakijibu lakini kurasa hazifunguki, shuka hatua ya 6.

Angalizo: vifaa vingine vimefungwa visijibu ping kabisa. Kama dirisha la rauta halikujibu hata mara moja tangu mwanzo, lisikupe hukumu.

Bonyeza Ctrl na C kusimamisha, usome mstari wa "Lost". Kwenye kipande cha laptopu na rauta, ukiwa umekaa chumba kimoja nayo, isipotee hata moja. Ukiona 3% au 5% zimepotea, simu za video zitakwamakwama hata kama kurasa za kawaida zinafunguka.

Hatua ya 2: Soma nguvu ya mawimbi kwa namba

Andika:

netsh wlan show interfaces

Tazama "Signal", "Channel" na "Radio type". Windows huhesabu hivi (dBm ni kipimo cha nguvu ya mawimbi, ikikaribia sifuri ndiyo bora): 100% ni dBm -50 au zaidi, 50% ni dBm -75. Ukiwa juu ya 66% (takriban dBm -67) hata simu za video zinakwenda. Chini ya 50% usitafute mchawi, umbali na kuta ndiyo sababu.

Hapa Tanga kuta zinatofautiana sana. Nyumba za zamani za mawe na chokaa zina kuta nene zinazomeza mawimbi, hasa ya GHz 5 (bendi yenye kasi, ila haipenyi kuta kama ya GHz 2.4). Nyumba ya Kiswahili ya Ngamiani, yenye ukumbi katikati na vyumba kushoto na kulia, ina kosa moja linalojirudia: rauta inawekwa chumba cha mbele, anayeitumia yuko uani. Mawimbi yanapita kuta tatu au nne kwa mshazari. Ipeleke ukumbini, juu, mita 1.5 hadi 2 kutoka sakafuni, na tatizo linaweza kuisha bila kugusa laptopu. Usiiweke nyuma ya televisheni, juu ya friji, ndani ya kabati la vyombo, wala nyuma ya kioo kikubwa cha kujitazamia. Kile kioo kina tabaka la madini mgongoni na kinarudisha mawimbi. Mabati ni mabaya kuliko yote. Banda la uani lililozungushiwa mabati halitapata waifai ya ndani hata ubadilishe laptopu tano. Tangi la maji likisimama katikati nalo hunyonya.

Hatua ya 3: Msongamano wa chaneli

Andika:

netsh wlan show networks mode=bssid

Utaona rauta za majirani na chaneli zao, yaani njia ya mawimbi ambayo kila moja inatumia. Kwenye GHz 2.4 chaneli zisizogusana ni tatu tu: 1, 6 na 11. Anayeweka chaneli 3 au 4 akidhani amekimbia foleni anaharibu pande zote mbili, kwa sababu anapokea kelele za walio kwenye 1 na walio kwenye 6. Ingia kwenye rauta (andika anwani yake kwenye kivinjari), ondoa "Auto", chagua kati ya hizo tatu ile yenye majirani wachache au wanyonge. Upana wa chaneli weka MHz 20, si 40. Kasi ya juu itapungua kidogo, mkatiko utapungua sana.

Kama rauta ina GHz 5, ipe jina lake tofauti. Jina likiwa moja, laptopu huruka kutoka bendi moja kwenda nyingine na kila mruko ni mkatiko mfupi. Chumba kimoja na rauta tumia 5. Nyuma ya kuta mbili rudi 2.4. Kujua kama laptopu yako ina GHz 5, andika netsh wlan show drivers. Ukiona 802.11a au 802.11ac, ipo. Ukiona b, g na n peke yake, haipo, na usihangaike kuitafuta.

Usalama (aina ya ulinzi wa nenosiri la waifai) uwe WPA2 wenye AES. Kadi za zamani nyingi hukataa WPA3, au hukubali halafu zinadondoka.

Hatua ya 4: Laptopu inajizimia waifai kubana umeme

Bofya kulia kitufe cha Start, fungua "Device Manager", kisha "Network adapters". Bofya kulia kadi ya waifai, "Properties", "Power Management", ondoa tiki kwenye "Allow the computer to turn off this device to save power". Laptopu mpya nyingine hazina ukurasa huo, na hilo si kasoro.

Kisha Control Panel, Power Options, "Change plan settings", "Change advanced power settings", "Wireless Adapter Settings". Weka "Maximum Performance" pande zote mbili, betri na chaja.

Kadi za Intel zina "Roaming Aggressiveness" (wepesi wa kuhamia rauta nyingine) kwenye ukurasa wa "Advanced". Nyumba yenye rauta moja, iweke chini kabisa. Haina pa kuhamia.

Hatua ya 5: Draiva (programu inayoendesha kadi ya waifai)

Hatua hii watu huianza mapema mno. Kwanza soma ripoti. Fungua cmd kama Administrator, andika netsh wlan show wlanreport, kisha fungua wlan-report-latest.html kwenye folda itakayotajwa. Utaona kila mkatiko wa siku 3 zilizopita na sababu yake. Mkatiko ukianza siku ileile Windows ilipojisasisha, rudi Device Manager, "Driver", "Roll Back Driver". Kitufe kikiwa kimefifia, pakua draiva kutoka tovuti ya mtengenezaji wa laptopu kwa modeli kamili iliyo kwenye kibandiko cha chini. Programu za kusasisha draiva zote kwa mkupuo ziache. Kama waifai imekufa kabisa, unganisha simu kwa waya wa USB, washa "USB tethering", upakue.

Hatua ya 6: Jina halipatikani

Kwenye Windows 11: Settings, Network & internet, Wi-Fi, kisha sifa za mtandao wako. Penye DNS chagua "Manual", washa IPv4, weka 1.1.1.1 na 8.8.8.8. Halafu ipconfig /flushdns.

Kabla ya hapo tazama saa na tarehe. Laptopu za mtumba mara nyingi betri ndogo ya ubao mama, kwa kawaida CR2032, imekufa. Kila zikikosa umeme tarehe inarudi miaka ya nyuma na tovuti za https zinakataa kufunguka. Betri hiyo ni ya bei ndogo.

Hatua ya 7: Ndani ya laptopu

Fika hapa tu kama vifaa vingine viko sawa palepale ulipokaa. Dalili za antena: ukiwa mita 2 kutoka kwenye rauta Signal ni 80%, ukivuka mlango inashuka hadi 30%, wakati simu haishuki hivyo. Antena ziko kwenye fremu ya kioo cha skrini na waya zake hupita kwenye bawaba. Rudia netsh wlan show interfaces huku umefungua kioo kwa pembe tofauti. Signal ikicheza kwa kufuata pembe, waya umechubuka bawabani.

Kabla ya kufungua: zima kabisa, chomoa chaja, na ukishafungua kifuniko chomoa betri kwanza. Kadi nyingi za sasa ni M.2 ndogo, imeshikwa na skurubu moja, ina waya mbili, kwa kawaida zimeandikwa Main na Aux. Vichwa vya waya vinabanwa kwa kidole kutoka juu moja kwa moja mpaka usikie mlio mdogo. Ukivisukuma upande vinapinda na havishiki tena. Kwa sisi wa pwani, chumvi ya hewani hufanya meno ya kadi kuwa meusi au na ukijani. Yapake spiriti ya isopropili ya 90% au zaidi kwa pamba ya masikio, acha yakauke, rudisha kadi.

Ukibadilisha kadi, soma namba. Intel AX200 na AX210 ni za kawaida. AX201 na AX211 hufanya kazi tu kwenye ubao uliotengenezwa kwa ajili yake wenye prosesa ya Intel. Ukiipachika kwenye laptopu ya AMD haitaonekana kamwe. HP na Lenovo za zamani nyingine hukataa kadi isiyo kwenye orodha yao na hazitawaka mpaka uitoe.

Maswali ya wanachama

Mwanachama, Raskazone: Mkuu, vijiti vimejaa, asubuhi mtandao unakimbia, ikifika saa mbili usiku ni kobe. Nina rauta ya laini.

Jibu: Endesha ping mbili saa hiyo hiyo. Rauta ikijibu milisekunde 3 na 8.8.8.8 ikipanda hadi 400, mnara umejaa watu. Ingia kwenye rauta usome RSRP (nguvu ya mawimbi ya mnara) na SINR (usafi wa mawimbi hayo dhidi ya kelele). RSRP ya -85 ni nzuri, -110 ni mbovu. Isogeze dirishani upande wa mnara, zungusha kidogokidogo, subiri dakika moja kila mara kabla ya kusoma. SINR ikipanda, saa za msongamano utaumia kidogo kuliko jirani.

Mwanachama, Chumbageni: Shikamoo fundi. Yangu inakatika nikichomoa chaja tu.

Jibu: Marahaba. Ni hatua ya 4, upande wa "On battery". Pia zima "Battery saver" (Windows 11 mpya huiita "Energy saver").

Mwanachama, Makorora: Nimenunua waifai ya kuchomeka USB baada ya ya ndani kufa. Nikichomeka na diski ya nje, inakata.

Jibu: Mkuu, USB 3.0 hutoa kelele zinazoangukia palepale kwenye GHz 2.4. Tumia waya wa kurefusha USB wa nusu mita hadi mita moja, kifaa cha waifai kikae mbali na diski, au chomeka diski tundu la upande wa pili. Kama kifaa chako kina GHz 5, hamia huko na kelele hizo hazikuhusu.

Mwanachama, Duga: Hotspot ya simu inajizima kila nikiacha laptopu dakika chache.

Jibu: Laptopu ikilala, simu haioni aliyeunganishwa, inazima hotspot. Kwenye mipangilio ya hotspot ya Android zima kule kujizima yenyewe. Kwa iPhone washa "Maximize Compatibility" ili itumie GHz 2.4. Na kwenye Windows uweke mtandao huo kuwa "Metered connection", la sivyo masasisho yatamaliza bando kabla hujasoma barua pepe.

Mwanachama, Mikanjuni: Kwangu rauta yenyewe inazima na kuwaka. Umeme haukatiki.

Jibu: Umeme haukatiki lakini unashuka, au adapta imechoka. Soma kibandiko chini ya rauta, mfano 12V 1A. Adapta mbadala iwe volti zilezile, ampea zilezile au zaidi, na chanya katikati kama rauta inavyoonyesha. Yuipiesi (UPS, betri ya akiba) ndogo ya volti 12 inamaliza hili, ila usiiunganishe na rauta ya volti 9 au 5 bila kuhamisha tundu.

Mwanachama, Pangani: Ubuntu (Linux) je?

Jibu: Zima kubana umeme kwa waifai, kama hatua ya 4. Fungua /etc/NetworkManager/conf.d/default-wifi-powersave-on.conf kwa sudo, badilisha wifi.powersave = 3 iwe 2, kisha sudo systemctl restart NetworkManager.

Mwanachama, Chumbageni: Fundi, nimeondoa ile ya betri, imetulia. Lakini leo asubuhi kadi haionekani kabisa Device Manager.

Jibu: Zima laptopu, chomoa chaja na kila kilichochomekwa, shikilia kitufe cha kuwashia sekunde 30, kisha washa. Ikirudi, subiri uone kama itapotea tena ikipata joto. Ikipotea mara ya pili, fungua hatua ya 7 na uanze na meno ya kadi.