Kufunga mistari iliyo wazi kwenye Inkscape kabla hujakata stika

Juzi nilikata stika ya mwewe ya kubandika kwenye kioo cha nyuma cha bajaji. Kwenye kompyuta mchoro ulikuwa safi, mweusi tii. Nilipoanza kubandua mabaki, bawa la kushoto likaondoka nayo. Kisu cha mashine ya kukatia kilikuwa kimelizunguka bawa lote kikaacha upenyo pale begani, usiofika hata milimita moja. Nusu mita ya stika ikaenda jalalani, mwenye bajaji amesimama mlangoni ananitazama.

Rangi ndiyo iliyonidanganya. Umbo likiwa wazi, Inkscape, programu ya kuchora, hulijaza rangi kana kwamba ncha zake mbili zimeunganishwa kwa mstari ulionyooka, kwa hiyo jicho halioni kasoro. Kisu hakina habari na rangi. Kinafuata mstari, na mstari ukikatika nacho kinanyanyuka.

Hatua ya 1: Vua rangi. Bonyeza Ctrl na 5, urudie mpaka ubaki na mistari mitupu isiyo na rangi wala unene.

Hatua ya 2: Tafuta ncha. Bonyeza N kupata kifaa cha nodi, yaani nukta zinazoshikilia mstari, kisha bofya mchoro. Kabla hujagusa nodi yoyote, bonyeza Tab: inachaguliwa nodi ya kwanza ya mstari. Ukiiacha na kubonyeza Shift na Tab, inachaguliwa ya mwisho. Kama mchoro ni mstari mmoja ulio wazi, hizo ndizo ncha zako mbili. Sogeza karibu kwa Ctrl na gurudumu la kipanya, tena karibu sana, maana upenyo mwingine hauonekani mpaka ukuze mara nyingi.

Hatua ya 3: Chagua ncha zote mbili. Usibofye. Zikiwa zimelaliana utapata ya juu tu, utadhani umemaliza. Anzia mahali patupu, buruta kipanya uzungushie kisanduku, kisha soma maandishi yaliyo chini ya dirisha. Yanapaswa kusema umechagua nodi 2. Yakisema 3, kuna nodi ya ziada imejificha hapo, ifute kwanza.

Hatua ya 4: Unganisha. Bonyeza Shift na J. Nodi mbili zinakuwa moja, na hiyo moja inakaa katikati ya zilipokuwa. Hapa ndipo wengi wanaharibu. Upenyo ukiwa wa nusu milimita, sawa, hakuna atakayejua. Ukiwa mpana, kila upande unavutwa na mwewe wako anatoka na bega lililovunjika. Kwa upenyo mpana tumia kitufe kingine, kilicho kwenye upau wa juu wa kifaa cha nodi, kinachoacha nodi zote mbili mahali pake na kuweka kipande kipya cha mstari kati yao. Kipande hicho huja kimenyooka. Kishike katikati na kipanya ukipinde kifuate umbo.

Ukiona hakuna kinachotokea, basi ncha hizo ni za michoro miwili tofauti. Rudi kwenye kifaa cha kuchagulia, chagua yote miwili, bonyeza Ctrl na K iwe kitu kimoja, halafu rudia hatua ya 3.

Kiungo kikitoka na kona kali mahali palipotakiwa mviringo, chagua nodi hiyo ubonyeze Shift na S.

Hatua ya 5: Hakikisha. Fungua kihariri cha XML, kinachoonyesha mchoro kwa maandishi, kwa Ctrl, Shift na X, tazama sifa iitwayo d. Mstari uliofungwa huishia na herufi z. Mchoro wenye vipande vingi unatakiwa kuwa na z mwishoni mwa kila kipande, yaani kabla ya kila m inayofuata. Inachosha macho, lakini ni dakika mbili, na sijawahi kuona z ikidanganya kama rangi.

Usivunje mchoro kwa Ctrl, Shift na K ili uhesabu vipande, halafu ukasahau kurudisha. Matundu ya herufi O na A yanazibika. Ikitokea, chagua vipande vya herufi hiyo ubonyeze Ctrl na K.

Mimi sasa hukata kwanza mwewe wa sentimita 5 kwenye kipande kilichobaki, nikabandua mabaki, ndipo nikaingiza roli nzima.