Namna ya kuwaeleza wazazi kuhusu seli saidizi za ubongo na usonji

Kata matawi mawili ya mkorosho: moja la mti uliopogolewa, jingine lililosongamana hadi mwanga haupenyi. Kwa kikao cha wazazi Newala au Nachingwea hayo yanatosha, pamoja na beseni, maranda na gololi 20. Wazazi wasizidi 12. Wakiwa wengi, wenye maswali mazito hunyamaza.

Anza na tawi lililosongamana. Ubongo wa mtoto, kama tawi hilo, huotesha viungio vingi kati ya seli za neva kuliko unavyohitaji, kisha visivyotumika huondolewa. Wapogoaji wake ni mikroglia, seli saidizi zinazomeza viungio vya ziada. Utafiti wa mwaka 2014 ulionyesha kuwa panya ambao mikroglia zao zilichelewa kupogoa hawakuwa na hamu sana ya kukaa na wenzao, na walijisafisha manyoya kupita kiasi.

Halafu astrosaiti, seli saidizi nyingine, zinazolisha seli za neva na kuondoa kemikali zinazobaki kwenye viungio. Hapa jaza maranda sentimita 5 kwenye beseni, panga gololi juu. Waeleze kuwa maabara hupima hivi tabia ya kurudiarudia: panya huachwa kwenye beseni kama hilo nusu saa, kisha huhesabiwa gololi zilizofukiwa angalau theluthi mbili. Mwaka 2022 watafiti wa Marekani walipandikiza kwa panya astrosaiti zilizokuzwa kutokana na seli za watu wenye usonji. Panya wakazidisha kufukia gololi na kumbukumbu ikadhoofika, ila ushirika wao na wenzao haukuguswa. Rudia sentensi hii mara mbili, maana ndiyo inayozuia mzazi kuondoka akidhani seli moja ndiyo usonji wote.

Usiseme “jeni”. Wengi husikia “jini”, na kikao kinahamia kwa mganga. Sema vinasaba.

Ukitaja kupogoa, tarajia swali: “Nilikosea kula nini nikiwa na mimba, mwalimu?” Jibu papo hapo, kabla mama hajainamisha kichwa: vinasaba vina uzito mkubwa katika usonji, wala hakuna alichokosea jikoni. Baba akiuliza dawa, mwambie wazi kwamba hakuna dawa iliyothibitishwa ya kurekebisha seli hizi kwa mtoto mwenye usonji, hata iuzwe kwa bei gani.

Mtoto ambaye bado haongei aandikiwe rufaa ya kupimwa masikio kwanza. Wakati mnasubiri majibu, mzazi aanze kumwonyesha picha za maji, chakula na choo, picha moja moja, mahali palepale kila siku.