Mtoto wa mbwa anayenguruma na kuuma: hatua za kumtuliza

Wengi wanaoniletea mtoto wa mbwa wa wiki tisa au kumi huanza kwa kusema, "Huyu ni mkali." Nikimtazama, mara nyingi namkuta anacheza tu, au amechoka, au fizi zinamsumbua. Wachache ndio wenye hofu ya kweli au wanaolinda chakula chao. Namna ya kuwasaidia inatofautiana, kwa hiyo kabla ya kumkemea, mtazame.

Hatua ya 1: Tofautisha mchezo na ukali

Anayecheza mwili wake umelegea. Huinamisha kifua huku makalio yakibaki juu, hurukaruka, hukimbia na kurudi, hata kama ananguruma. Mwenye ukali hukakamaa. Angalia hasa ile sekunde moja kabla ya kuuma: anaganda, anafunga mdomo, anakutupia jicho la pembeni mpaka weupe wake unaonekana, kisha ndipo sauti nzito inatoka kifuani. Kila inapotokea, andika nani alimsogelea, alikuwa na nini mdomoni, na alilala lini mara ya mwisho. Siku chache zikipita, utajua kinachomuudhi.

Hatua ya 2: Ondoa maumivu na uchovu

Mpeleke kwa daktari wa mifugo akaguliwe masikio, tumbo na ngozi, hasa kama ukali umeanza ghafla. Halafu mwache alale. Mtoto wa mbwa anahitaji usingizi wa saa 18 hadi 20 kwa siku. Akichezeshwa mchana kutwa, jioni atauma kila mguu unaopita. Mtengee pembe tulivu ambayo hakuna anayeruhusiwa kumfuata.

Meno yake 28 ya utotoni huanza kung'oka akiwa na miezi mitatu hadi minne, na yale 42 ya ukubwani hukamilika kwenye miezi sita au saba. Kipindi hicho chote lazima atafune. Mpe mpira wa kutafuna, au kitambaa kilicholowanishwa na kugandishwa.

Hatua ya 3: Anapouma kwa mchezo

Kupima nguvu ya meno hujifunza kwa mama na ndugu zake, ndiyo maana hafai kuondolewa kwao kabla ya wiki nane. Sasa kazi hiyo ni yako. Akiuma, usiunyakue mkono, kwa maana kinachokimbia hufukuzwa. Ulegeze, nyamaza, mgeuzie mgongo kwa sekunde kumi na tano hivi, kisha mrudie na kitu cha kuchezea. Asipoacha, toka chumbani kidogo. Nyumba nzima ifanye hivyohivyo. Mmoja tu akiendelea kumchezesha kwa vidole, juhudi za wengine zinapotea.

Hatua ya 4: Bakuli la chakula

Hapa ndipo naona watu wakiharibu kwa nia njema. Wanatia mkono kwenye bakuli au kulinyakua, ati ajue nani mkubwa. Anachojifunza ni kwamba mtu akija, chakula huondoka, na kesho atanguruma mapema zaidi.

Mfundishe kinyume chake. Simama mbali, pale ambapo anaendelea kula bila kukakamaa wala kuanza kubugia. Mtupie kipande cha kitu kitamu kuliko kilicho bakulini, kisha ondoka. Rudia mlo baada ya mlo, ukisogea kidogo kidogo. Siku atakapoinua kichwa na kutikisa mkia akisikia hatua zako, inama umwekee kipande ndani. Kuliinua bakuli kuje mwisho kabisa: liinue, ongeza kitamu, mrudishie. Akikakamaa wakati wowote, umekwenda haraka. Rudi umbali wa jana.

Akiiba soksi, badilishana naye kwa kitu anachokipenda zaidi. Usimkimbize.

Hatua ya 5: Usimkataze kunguruma

Usimpige, usimlaze chali kwa nguvu, usimbane mdomo. Kunguruma ni onyo. Anayepigwa kwa kunguruma hubaki na hofu yake ileile, ila huacha kuonya, na huyo ndiye anayekuja kuuma ghafla. Akinguruma, simama, mpe nafasi, kisha tafuta sababu.

Hatua ya 6: Mzoeshe watu na sauti

Kati ya wiki ya 3 na ya 14 hivi ndipo anapozoea mambo mapya kwa urahisi zaidi. Chanjo zikiwa hazijakamilika, mbebe mikononi aone watu, magari na watoto. Mgeni asimsogelee, yeye ndiye aende, akitaka.

Akiuma huku amekakamaa mpaka ngozi inachubuka, au akilinda vitu vingi, tafuta mkufunzi asiyetumia kipigo, na watoto wadogo wasiachwe naye peke yao hata dakika moja. Jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aliyeumwa aende hospitali siku hiyohiyo kwa ajili ya kichaa cha mbwa, hata kama aliyeuma ni mdogo na anaonekana mzima.