Kuilinda chapa ya mvinyo wa Dodoma forodhani, hatua kwa hatua

Ofisa forodha wa Tunduma au bandari ya Dar es Salaam halazimiki kujua lebo ya mvinyo wako wa Hombolo ina rangi gani. Mamlaka ya kukamata anayo: Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya 2004 imezipiga marufuku bidhaa bandia za kila aina. Anachokosa ni taarifa, na wa kumpa ni wewe mwenye chapa. Mifano hapa ni ya mvinyo, lakini anayefungasha mafuta ya alizeti Kibaigwa au Singida atapita njia hiyo hiyo.

Hatua ya 1: Hakiki cheti

Cheti cha jina la biashara hakilindi chapa. Kinachotakiwa ni usajili wa alama ya biashara kwa BRELA, wakala wa usajili wa biashara wa Bara, katika daraja (kundi la bidhaa) sahihi: mvinyo ni daraja la 33, mafuta ya kula ni la 29. Ombi likishatangazwa kwenye jarida la BRELA, wenye pingamizi wana siku 60. Usajili hudumu miaka 7, kisha huhuishwa kwa miaka 10 kila mara. Cheti cha Bara hakivuki bahari; kama unauza Zanzibar, sajili pia kwa BPRA, wakala wa usajili wa huko.

Mambo mawili huangusha faili mapema. La kwanza, lebo imebadilishwa na cheti bado kina picha ya zamani. La pili, cheti kina jina la mwanzilishi wakati barua ya malalamiko imeandikwa na kampuni. Yarekebishe kabla mzigo haujazuiwa, maana baada ya hapo muda hautoshi.

Hatua ya 2: Tengeneza karatasi ya utambuzi

Hapa usifanye haraka. Karatasi isizidi kurasa mbili, na ofisa aweze kuisoma akiwa amesimama mlangoni mwa kontena. Weka picha ya bidhaa halisi na ya feki kando kwa kando, kisha tofauti nne au tano zinazoonekana kwa macho au kupimika kwa rula: urefu na upana wa lebo kwa milimita, mahali namba ya toleo inapochapwa, maandishi yaliyo kwenye kitako cha chupa, rangi ya kifuniko, idadi ya chupa kwa katoni. “Yetu ina ubora zaidi” haimsaidii mtu anayekagua mzigo.

Alama za siri, kama herufi iliyopindishwa makusudi, usiziweke kwenye karatasi hiyo. Ikizunguka ofisi kumi itamfikia na mchapaji wa feki. Ziandike kwenye karatasi ya pili, umkabidhi ofisa mhusika mkononi. Stempu ya kodi ya kielektroniki nayo usiifanye alama ya kwanza: kazi yake ni kodi, na roli la lebo linaloingia tupu halina stempu yoyote.

Hatua ya 3: Taja misimbo, njia na watu wako

Wengi huandika msimbo wa forodha wa mvinyo tu, 2204. Lakini anayeiga mvinyo wa Dodoma hana sababu ya kusafirisha chupa zilizojaa. Anaagiza vifungashio, anajazia humu humu nchini. Kwa hiyo ongeza 4821 (lebo za karatasi), 3919 (lebo za plastiki zenye gundi), 7010 (chupa za kioo) na 8309 (vifuniko vya chuma).

Kisha orodhesha wachapaji, waagizaji na mawakala wako halali wa forodha. Bila orodha hiyo, mzigo wa kwanza kuzuiwa unaweza kuwa lebo zako mwenyewe.

Hatua ya 4: Wasilisha

Sheria ya Alama za Bidhaa ya 1963 inasimamiwa na Tume ya Ushindani (FCC), na mzigo uko mikononi mwa forodha ya Mamlaka ya Mapato (TRA). Andika barua kwa FCC, nakala kwa TRA. Ambatisha nakala ya cheti, hati ya uwakilishi kama unamtumia wakili, karatasi ya utambuzi, sampuli halisi, na namba mbili za simu zinazopokelewa hata usiku.

Hatua ya 5: Simu ikija

TRIPS, mkataba wa haki miliki wa Shirika la Biashara Duniani, unaweka kipimo cha siku 10 za kazi tangu uarifiwe kuwa mzigo umezuiwa, na zinaweza kuongezwa 10 nyingine. Forodha isipopata taarifa kwamba shauri limefunguliwa, mzigo huachiwa. Ukiarifiwa Alhamisi, siku ya kumi ni Alhamisi ya wiki mbili baadaye, kama hakuna sikukuu katikati. Usafiri hula sehemu ya siku hizo, basi anza safari siku hiyo hiyo.

Ukifika, usichukue sampuli mlangoni tu, kwa sababu katoni halisi zinaweza kupangwa mbele kuficha za nyuma. Omba za mbele, katikati na mwisho. Kila sampuli ipigwe picha pamoja na namba ya kontena, ifungwe, isainiwe nawe na ofisa.

Maoni yako yaandikwe kwa kufuata karatasi ya utambuzi, kipengele kwa kipengele. Bidhaa isiyokidhi viwango ni suala la Shirika la Viwango (TBS). Bidhaa halisi iliyoingizwa na mtu usiyemteua si bandia. Ukiiita bandia unajitafutia fidia, na ndiyo maana unaweza kudaiwa dhamana kabla mzigo haujaendelea kushikiliwa. Mzigo wa kupita kwenda Burundi au Kongo nao ni mgumu zaidi, kwa kuwa TRIPS hailazimishi nchi kuuzuia. Ukihofia mzigo huo utashushwa njiani, sema hivyo na utoe ushahidi.

Hatua ya 6: Simamia uharibifu

Kubandua lebo peke yake hakutoshi, na bidhaa bandia hazirudishwi zilikotoka zikiwa vile vile. Kubalianeni kwa maandishi nani analipa ghala na usafiri. Chupa zipondwe, lebo zichomwe. Kabla ya moto kuwashwa, hesabu maroli ya lebo na uyalinganishe na hati ya ukamataji. Yakipungua, upungufu uandikwe ndipo usaini.